Kunoa Picha ya Setilaiti ya Dar es Salaam Bila Kuharibu Rangi: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kapakua picha ya Landsat, setilaiti za Marekani, kabonyeza zana ya kuunganisha bendi (tabaka za picha, kila moja ya aina yake ya mwanga) ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, na mitaa ya Kariakoo sasa inaonekana vizuri. Lakini mikoko ya Kunduchi imepauka, bahari imekuwa nyeusi tii, na paa za mabati zina ukingo wa rangi ambao haupo duniani. Anarudia kwa mbinu nyingine, anapata ubovu wa aina nyingine.

Zana haina kosa. Rangi iliharibika kabla hajaibonyeza, pale alipoilisha namba ghafi za setilaiti. Kazi kubwa iko kwenye maandalizi. Kuunganisha kwenyewe ni mstari mmoja wa amri.

## Kabla ya yote: una haja ya kunoa kweli?

Landsat 8 na Landsat 9 hupiga picha za rangi zenye pikseli za mita 30, pamoja na bendi moja ya nyeusi na nyeupe, yaani pankromatiki, yenye pikseli za mita 15. Kunoa ni kuchukua undani wa ile ya mita 15 na kuuvika rangi za zile za mita 30.

Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hutoa bendi za rangi za mita 10 bila kunoa chochote, tena bure. Kwa hiyo kama unataka picha ya Dar ya mwaka jana, achana na mwongozo huu, chukua Sentinel-2 ukaendelee na shughuli zako.

Lakini Sentinel-2A ilirushwa Juni 2015. Ukitaka kuonyesha bonde la Msimbazi lilivyokuwa kabla ya bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015, au Daraja la Nyerere pale Kigamboni likiwa bado linajengwa, Sentinel-2 haikusaidii sana. Hapo Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, ndiyo mkombozi wako wa bure. Wengine wanaohitaji hatua hizi ni ofisi zinazonunua picha za kibiashara. Picha za Pléiades, setilaiti za Ufaransa, kwa mfano, huuzwa ikiwa na pankromatiki ya nusu mita na rangi za mita 2, na makosa ya kuziunganisha ni haya haya.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 10 hivi kwenye diski. RAM ya GB 4 itafika, ila kwa kujikongoja.
- QGIS toleo la 3 au jipya zaidi. Inakuja na GDAL ndani yake, yaani mkusanyiko wa amri za kuchakata picha. Kwenye Windows tutatumia dirisha la amri linaloitwa OSGeo4W Shell, ambalo huingia pamoja na QGIS.
- Akaunti ya bure ya EarthExplorer, tovuti ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani.
- Bando la kutosha. Furushi zima la picha moja hukaribia GB 1, lakini unaweza kupakua bendi mojamoja. Unahitaji B2 (bluu), B3 (kijani), B4 (nyekundu), B8 (pankromatiki) na faili la maelezo linaloishia na MTL.txt. Basi.
- Kikokotoo chenye kitufe cha sin. Cha kwenye simu kinatosha.

Nimetumia dirisha la amri kwa makusudi. Menyu za QGIS hubadilika jina na mahali kila toleo, na ukikosea huwezi kujua ulibonyeza nini. Amri unaiandika, unaihifadhi kwenye faili la maandishi, na kesho unairudia vilevile. Kwenye matoleo mengine amri za hapa huandikwa bila ile .py ya mwisho. Moja ikikataa, jaribu nyingine.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa macho, si kwa asilimia

Kwenye EarthExplorer tafuta njia 166, safu 065. Hiyo ndiyo picha inayoibeba Dar es Salaam. Chagua tarehe kati ya Juni na Septemba. Masika na vuli utapoteza muda, maana Landsat hupita juu ya jiji karibu saa nne na nusu asubuhi, na miezi hiyo mawingu yanakuwa yameshaanza kujikusanya.

Tovuti itakupa asilimia ya mawingu. Usiiamini peke yake. Asilimia ile ni ya picha nzima, yenye upande wa kilomita 180 na ushee, na sehemu yake ni bahari na mapori ya Pwani. Picha yenye mawingu asilimia 4 inaweza kuwa imeyamwaga yote juu ya Ilala na Temeke. Yenye asilimia 25 inaweza kuwa na jiji jeupe pee, mawingu yote yako Kisarawe. Fungua picha ya mfano, vuta karibu, angalia jiji lako.

Onyo: bendi zote zitoke kwenye picha moja ya tarehe moja. Kuna wanaochukua rangi za Julai na pankromatiki ya Agosti kwa sababu ya wingu moja. Kati ya tarehe hizo nyasi zimekauka, maji ya bahari yamepwa au yamejaa, na kivuli cha kila ghorofa kimesogea. Matokeo yake ni jiji lenye vivuli viwili.

Umefaulu ukiona: Msasani, Kariakoo, bandari na Kigamboni vyote wazi, bila wingu wala kivuli cha wingu.

## Hatua ya 2: Pakua Level-1, si Level-2

Hapa ndipo wengi hukwama kabla hata ya kuanza. Kwenye orodha ya bidhaa kuna Collection 2 Level-1 na Collection 2 Level-2. Kila kozi inakufundisha kuchukua Level-2, kwa sababu athari ya hewa imeshaondolewa. Ushauri mzuri kwa kazi nyingi, lakini Level-2 haina bendi ya 8. Pankromatiki haimo kabisa. Mtu anaitafuta ndani ya folda hadi anakata tamaa, kisha anachukua B8 ya Level-1 na kuiunganisha na rangi za Level-2. Hapo anagawanya namba za kipimo kimoja kwa namba za kipimo kingine, na rangi zinakwenda zinakotaka zenyewe.

Chukua zote kutoka Level-1. Jina la faili litaanza na LC08_L1TP_166065 au LC09_L1TP_166065, na ndani yake kuna T1, ambayo ina maana kwamba picha imepangwa vizuri juu ya ardhi.

Nakili mafaili kwenye folda mpya yenye jina fupi lisilo na nafasi, kama C:\dar, na uyape majina mafupi: B2.tif, B3.tif, B4.tif, B8.tif. Folda yenye jina kama "Picha zangu za kazi mpya" itakusumbua kwenye kila amri.

## Hatua ya 3: Kata eneo la jiji kwa mipaka ileile

Picha nzima ni kubwa bila sababu. Kata bendi zote nne kwa amri hii, ukibadilisha namba ya bendi kila mara:

gdal_translate -projwin 505000 -730000 555000 -775000 B4.tif d4.tif

Utashangaa kuona kaskazini ina alama ya kutoa. Kwenye UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita, Dar iko kanda ya 37 kusini, lakini Landsat husambazwa kwa mfumo wa kanda ya 37 kaskazini (EPSG:32637), hata kwa nchi zilizo kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo Posta iko takriban mita 753,000 chini ya sifuri. Si kosa, usilirekebishe sasa. Tutalimaliza hatua ya mwisho.

Ukilinganisha mipaka ya d4 na d8 huenda ukaona hazilingani kwa mita kadhaa. Hilo nalo ni la kawaida: kitovu cha pikseli ya kwanza ya mita 15 na cha ile ya mita 30 vimewekwa sehemu moja, kwa hiyo kingo zao zinapishana kwa mita 7.5, na ukataji unaweza kuongeza tofauti kidogo. Programu inalijua hilo. Usisogeze picha kwa mkono ili zilingane. Ukiisogeza, ndipo ule ukingo wa rangi kwenye mabati unapozaliwa: mwangaza wa paa kutoka pankromatiki unaangukia rangi ya barabara iliyo jirani.

## Hatua ya 4: Geuza namba ghafi kuwa uakisi

Namba zilizo ndani ya faili si mwanga. Ni tarakimu za kuhifadhia. Ili upate uakisi, yaani sehemu ya mwanga wa jua inayorudishwa juu, unazidisha kwa 0.00002 na kutoa 0.1, kisha unagawa kwa sin ya mwinuko wa jua.

Fungua MTL.txt, tafuta SUN_ELEVATION. Kwa Dar mwezi Julai huwa karibu nyuzi 50. Tuseme yako ni 51. Sin yake ni 0.777. Hakikisha kikokotoo chako kiko kwenye nyuzi, si radiani. Kisha:

gdal_calc.py -A d4.tif --calc="(A.astype(float)*0.00002-0.1)/0.777" --type=Float32 --outfile=r4.tif

Fanya hivyo kwa d2, d3, d4 na d8.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobeba rangi yote. Kugawa kwa sin hakubadilishi rangi, kwa sababu bendi zote zinagawanywa sawa. Mchawi ni ile 0.1. Maana yake ni kwamba namba ghafi 5,000 ni giza totoro, si 0.

Chukua pikseli ya mikoko yenye kijani 8,000 na nyekundu 6,500. Ukiweka sin pembeni, kijani ni 0.06 na nyekundu ni 0.03. Kijani ni mara mbili ya nyekundu, ndiyo maana jani linaonekana jani. Sasa noa kwa namba ghafi, mahali ambapo pankromatiki inasema ongeza mwangaza kwa asilimia 10. Namba zinakuwa 8,800 na 7,150, na ukizigeuza kuwa uakisi unapata 0.076 na 0.043. Uwiano umeshuka hadi kama 1.8. Pikseli ya jirani, iliyoambiwa ipunguze asilimia 10, inapata 0.044 na 0.017, uwiano wa karibu 2.6. Mti mmoja, rangi mbili. Zidisha hilo kwa mamilioni ya pikseli, na hapo unapata picha iliyopauka mahali penye mwanga na iliyokoza kupita kiasi penye kivuli.

Ukianza kwa uakisi, kuongeza asilimia 10 kunaongeza kijani na nyekundu kwa kiasi kilekile, na uwiano unabaki 2.

Umefaulu ukiona: thamani nyingi za r4 ziko kati ya 0.02 na 0.3. Ukiona maelfu, umefungua faili la zamani. Ukiona namba hasi kila mahali, kikokotoo kilikuwa kwenye radiani.

## Hatua ya 5: Ondoa ukungu wa hewa

Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo hata pikseli ya kivuli kizito inarudisha mwanga, na bendi ya bluu imeongezewa zaidi ya zote. Ukiinoa hivyo, jiji zima linavaa utando wa bluu.

Ndani ya QGIS fungua r2, r3 na r4. Kwa zana ya kubofya na kusoma thamani, tembelea sehemu zenye giza: maji ya kina mashariki ya Bongoyo, vivuli vya msitu wa Pugu, mikoko minene. Bofya nyingi. Kwa kila bendi andika thamani ndogo kabisa uliyoiona, kisha punguza 0.01, kwa sababu karibu hakuna kitu duniani kisichorudisha mwanga kabisa.

Tuseme umepata bluu 0.085, kijani 0.052 na nyekundu 0.028. Utakachotoa ni 0.075, 0.042 na 0.018.

Pankromatiki je? Usiitafutie giza lake peke yake. Ikokotoe kutokana na hizo tatu, kwa uzito tutakaoutumia kwenye kuunganisha: 0.42 kwa nyekundu, 0.51 kwa kijani, 0.07 kwa bluu. Kwa mfano wetu: 0.42 × 0.018 + 0.51 × 0.042 + 0.07 × 0.075 = 0.034. Ukifanya hivi, pankromatiki na rangi zinavuliwa ukungu uleule, hazitagombana baadaye.

gdal_calc.py -A r4.tif --calc="maximum(A-0.018,0.001)" --type=Float32 --outfile=h4.tif

Rudia kwa nyingine, kila moja na kiasi chake. Ile maximum inazuia namba zisishuke chini ya 0.001. Bila hiyo, maji ya kina yanakuwa sifuri au hasi, programu inagawa kwa kitu kinachokaribia sifuri, na bahari inajaa vidoadoa vya rangi.

Onyo: usitoe ukungu mwingi kwa tamaa ya rangi kali. Bluu ikitolewa kupita kiasi, mchanga wa Kigamboni unageuka wa chungwa.

## Hatua ya 6: Pima kabla ya kuunganisha

Dakika tano hapa zinaokoa jioni nzima. Chagua sehemu tatu kubwa zenye sura moja, kila moja zaidi ya mita 60 kila upande: yadi ya makontena bandarini, msitu, na bahari. Soma h2, h3, h4 na h8 za kila sehemu, kisha piga hesabu ileile ya uzito.

Mfano: yadi ina nyekundu 0.14, kijani 0.13, bluu 0.11. Hesabu inatoa 0.133. Kama h8 inasoma 0.13 au 0.135, uko salama. Ikisoma 0.17, kuna bendi haikutolewa ukungu au umechanganya mafaili. Rudi nyuma sasa hivi.

Kwa nini bluu inapewa 0.07 tu? Kwa sababu pankromatiki ya Landsat 8 na 9 inaona mwanga wa mikromita 0.50 hadi 0.68, na bendi ya bluu ni 0.45 hadi 0.51. Inaigusa bluu kwa ncha tu. Usipotaja uzito, programu inazigawia bendi zote tatu sawasawa. Bahari yenye bluu 0.06, kijani 0.04 na nyekundu 0.01 itahesabiwa wastani wa 0.037, wakati pankromatiki inasoma 0.029. Programu itadhani bahari inatakiwa kupunguzwa mwanga, na itaipunguza kwa asilimia 20 na zaidi. Ndiyo ile bahari nyeusi tii.

Landsat 7 ni habari nyingine. Pankromatiki yake inafika hadi 0.90, inaingia kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo uzito huu haufai kwake. Ya kibiashara nayo tumia uzito wa setilaiti husika.

## Hatua ya 7: Unganisha

Panga rangi kwa mfuatano nyekundu, kijani, bluu:

gdalbuildvrt -separate rgb.vrt h4.tif h3.tif h2.tif

Kisha noa:

gdal_pansharpen.py -w 0.42 -w 0.51 -w 0.07 -r cubic -co COMPRESS=DEFLATE h8.tif rgb.vrt dar15.tif

Uzito unafuata mfuatano wa bendi ndani ya rgb.vrt. Ukipanga bluu kwanza, ugeuze na uzito. Neno cubic linalainisha pikseli za mita 30 kabla hazijavikwa undani. Ukiweka nearest, rangi zinabaki vibokisi vya nne nne.

Usiingize B5, ya infraredi, kwenye mkumbo huu. Pankromatiki haiioni, kwa hiyo haina la kuiambia. Na wanaotaka kunoa ili wapate NDVI, yaani kipimo cha uoto, ya mita 15 wajue hili: mbinu hii inazidisha bendi zote za pikseli kwa namba ileile moja, na NDVI ni uwiano. Namba hiyo inajifuta juu na chini. Utapata NDVI ileile ya mita 30 iliyolainishwa, kwa faili lenye uzito mara nne.

## Hatua ya 8: Itazame kwa mpangilio mmoja

Fungua dar15.tif. Usikate tamaa, na usishangilie. QGIS hunyoosha kila bendi kivyake, na kunyoosha huko pekee kunatosha kubadilisha rangi ya jiji zima. Ingia kwenye mwonekano wa tabaka, weka kiwango cha chini 0 na cha juu 0.25 kwa bendi zote tatu. Fanya hivyo hivyo kwa rgb.vrt. Sasa washa na uzime moja juu ya nyingine.

Nenda sehemu hizi:

Uwanja wa ndege. Njia kuu ya kurukia ina upana wa karibu mita 45. Kwenye mita 30 ni pikseli moja na nusu, imechanganyika na nyasi. Kwenye picha yako mpya iwe mstari wa pikseli tatu wenye kingo zinazoeleweka.

Kariakoo. Mitaa ianze kuachana na majengo. Usitegemee kuona gari; gari la kawaida halifiki mita 15.

Mikoko ya mdomo wa Msimbazi na Kunduchi. Kijani kiwe kilekile cha picha ya mita 30, kikiwa na undani zaidi.

Daraja la Tanzanite. Lilianza kutumika 2022. Picha yako ikiwa ya baadaye, lionekane likikatiza maji. Ikiwa ya 2014 na unaliona, umechanganya folda.

Vivuko vya Magogoni, ndege iliyo angani na kingo za mawingu vinaweza kuwa na kivuli cha rangi pembeni. Hapo huna kosa. Bendi hazipigwi kwa sekunde ileile, na kilichosogea au kilicho juu sana hakikai mahali pamoja kwenye bendi zote.

Macho yakisharidhika, pima kwa namba. Rudisha picha kwenye mita 30 na uilinganishe na ya mwanzo. Mipaka ya kuweka kwenye -te ichukue kwa gdalinfo h4.tif, kwa mpangilio wa magharibi, kusini, mashariki, kaskazini:

gdalwarp -tr 30 30 -te [namba nne] -r average dar15.tif rudi30.tif

Toa h4 kutoka bendi ya kwanza ya rudi30, na zile nyingine vivyo hivyo, kwa kikokotoo cha rasta (Raster Calculator) cha QGIS. Wastani wa tofauti uwe karibu na sifuri. Mimi naikataa picha ikizidi 0.01 kwenye bendi yoyote. Tofauti ikiwa kwenye kingo za majengo tu, ni kawaida. Ikiwa imetanda juu ya bahari au msitu mzima, rudi hatua ya 5 na ya 6.

## Hatua ya 9: Ipeleke kwenye mfumo wa kusini na uitunze

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 15 15 -r cubic -co COMPRESS=DEFLATE dar15.tif dar15_kusini.tif

Sasa Posta itakuwa kwenye mita 9,247,000 hivi kaskazini, na picha italala vizuri na data zenu za kanda ya 37 kusini. Usitumie ile njia ya kubandika tu jina la mfumo mpya juu ya tabaka. Hiyo haihamishi picha. Inaidanganya programu, na jiji linatupwa kilomita 10,000 kutoka lilipo.

Kama ofisi yako ina michoro ya zamani ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima ardhi, na haikai juu ya picha, ikipishana kwa mamia ya mita, tatizo liko kwenye mchoro, si kwenye picha. Ubadilishe mchoro.

Tunza h2, h3, h4, h8, MTL.txt na faili la amri zako. Zile za d na r zifute, zitatengenezwa tena kwa dakika chache. Kwenye jina la picha ya mwisho andika tarehe ya kupigwa na neno "imenolewa", kwa mfano dar_20140812_imenolewa.tif, ili mwenzako wa ofisini asije akaitumia kukokotoa uakisi wa mazao kana kwamba ni kipimo halisi cha mita 15. Ya kupimia ni zile za h.